Barua ya Wazi kwa Kamati za Michezo ya Shule: Saa 8 Mchana Si Saa ya Kumkimbiza Mtoto

Kwa wajumbe wa kamati za michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na sekondari (UMISSETA) kuanzia kata hadi taifa, maafisa michezo wa halmashauri na mikoa, na viongozi wa TAMISEMI na wizara zinazosimamia elimu na michezo.

YAH: KIFUNGU CHA JOTO KATIKA KANUNI ZA MICHEZO YA SHULE

Nafundisha michezo katika shule ya sekondari ya kutwa huku Tanga. Naandika kuwaomba jambo moja: kanuni za mashindano ya shule ziwe na kifungu cha joto. Kwenye mashindano niliyowahi kusimamia nimekabidhiwa kanuni za umri wa wachezaji, za usajili, za rufaa, za rangi za jezi, hata za dakika ngapi timu ikichelewa ihesabiwe imeshindwa. Sijawahi kukabidhiwa karatasi inayoniambia nifanye nini jua likiwa la utosi na watoto 22 wako uwanjani, wala inayosema nani ana mamlaka ya kupuliza filimbi na kusema basi, tukae kivulini.

Najua wengi wenu mnalijua joto. Lakini mnapokutana na michezo hii katika ukubwa wake, kwenye fainali za taifa, kwa kawaida ni Juni au Julai. Kusi inavuma. Mwanza, Mtwara na Tabora, miji iliyowahi kupokea fainali hizo, miezi hiyo huwa na asubuhi nzuri na mchana wa kuvumilika. Kuna mahema, kuna wauguzi, kuna gari la wagonjwa limeegeshwa pembeni. Joto ninalolisemea liko chini zaidi, shuleni na kwenye kata, miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati huku Pwani kaskazi imetuletea nyuzi 32 au 33 za kivulini na masika bado haijafika. Hapo ndipo mtoto anapochujwa kwenda wilaya. Hakuna hema. Kuna mwembe mmoja, ndoo moja ya maji na kikombe kimoja kinachozungushwa timu nzima. Kwa kuwa siku iliyotengwa ni moja na shule ni nyingi, michezo huanza saa 3 baada ya mgeni rasmi kufika na kuhutubia, na nusu fainali pamoja na mbio ndefu huangukia saa 7, saa 8, saa 9. Yaani mtoto anayefanya vizuri zaidi ndiye anayekimbia kwenye jua kali zaidi, akiwa ameshachoka zaidi.

Naomba nieleze kinachotokea ndani ya mwili huo, kwa sababu nimegundua tunabishana kuhusu uvumilivu wakati suala ni hesabu. Misuli ikifanya kazi, robo ya nguvu inayotumika, au pungufu ya hapo, ndiyo inayogeuka mwendo. Iliyobaki yote inageuka joto, na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Hewa ikiwa ya moto karibu sawa na ngozi, njia iliyobaki ni jasho. Na jasho linalodondoka mchangani halijapoza kitu; linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Bibi zetu walilitegemea jambo hili kwenye mtungi: maji hupenya udongo kidogo kidogo, hukauka kwa nje, na ya ndani yanabaki baridi. Kila aliyekulia Pwani anajua pia kwamba siku ya fukuto, hewa ikiwa imejaa unyevu, maji ya mtungi hayapoi sawasawa. Mwili wa mtoto anayecheza netiboli Tanga mwezi Februari uko kwenye shida hiyohiyo. Jezi imelowa chapachapa, jasho linatiririka, mwalimu anaona jasho na kuridhika, kumbe halikauki na joto la ndani linazidi kupanda.

Ndiyo sababu nyuzi zinazotangazwa redioni hazitutoshi. Nyuzi 32 za Dodoma, hewa ikiwa kavu, si nyuzi 32 za Tanga. Wamarekani walilazimika kulitafutia kipimo jambo hili miaka ya 1950, kwa sababu makuruta walikuwa wakianguka kwenye kambi za mafunzo ya kijeshi. Wakabuni kipimo kinachojulikana kwa herufi WBGT. Asilimia 70 ya hesabu yake inatokana na kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, ambacho huonyesha kama unyevu na upepo wa mahali hapo unaruhusu kitu kukauka. Asilimia 20 inatokana na kipimajoto kilichofichwa ndani ya tufe jeusi linalopigwa na jua. Asilimia 10 tu ndiyo joto la kawaida la hewa. Mambo mawili tunayoyapuuza, fukuto na jua la moja kwa moja, ndiyo yanayobeba karibu hesabu yote. FIFA hutumia kipimo hiki, na kikifika 32 mechi inasimamishwa wachezaji wapoe. Wengi wenu mtakumbuka Uholanzi na Mexico kule Fortaleza, Kombe la Dunia la 2014: watu wazima, wenye madaktari wao, walisimamishwa wakapewa maji na taulo za baridi. Mtoto wa darasa la sita tunamwambia akaze.

Hapa huwa napata jibu moja kutoka kwa wenzangu: watoto wetu wamezaliwa kwenye joto, wamelizoea. Kuzoea kupo na kunasaidia, nitakuja hapo. Lakini kuzoea hakufuti joto linalotengenezwa na misuli yenyewe. Tarehe 27 Septemba 2019, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa saa 6 usiku kasoro dakika moja ili kukwepa jua. Walianza 68. Kwa nyuzi zaidi ya 30 na unyevu mkubwa, 28 hawakufika mwisho, na hao ni wanariadha bora kuliko wote duniani. Baada ya hapo marathoni za Olimpiki za Tokyo zilihamishiwa Sapporo, kaskazini kabisa ya Japani, na hata huko mbio za wanawake ziliwahishwa kwa saa nzima usiku wa kuamkia mashindano, zikaanza saa 12 asubuhi. Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03, kulikuwa na joto na fukuto. Lakini mbio zilianza asubuhi, na njia nzima ilikuwa na meza za maji na vitu vya kujipoza. Uhodari wake hauna shaka, na bado waandaaji walifanya sehemu yao.

Jibu la pili ninalopata ni kwamba watoto ni dhaifu kwa asili, kwa hiyo atakayeanguka ameanguka. Hilo nalo limechunguzwa. Kwa miaka mingi madaktari waliandika kwamba mwili wa mtoto hauwezi joto kama wa mtu mzima. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliupitia upya mwongozo wake wa mwaka 2000, kikasema kwamba mtoto mwenye afya, aliyekunywa maji ya kutosha, hayuko nyuma ya mtu mzima kwa kiasi kilichodhaniwa. Wakayataja yanayomwangusha: kazi kupita kiasi, mapumziko mafupi kati ya mchezo na mchezo, maji machache, mavazi yasiyofaa. Yasomeni tena mambo hayo manne, ndugu zangu. Hakuna hata moja linaloamuliwa na mtoto. Yote yanaamuliwa na sisi tunaopanga ratiba.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Yalikuwa mashindano ya ngazi ya chini, sitataja ya wapi, mita 1,500 wasichana, saa 8 mchana, kwenye uwanja wa vumbi jekundu. Msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akiongoza alianza kuyumba kwenye mzunguko wa mwisho. Alivuka mstari, akaanguka, akainuka, kisha akaanza kukimbia kurudi alikotoka. Walipomshika akawarushia mikono, anasema maneno yasiyoeleweka. Mtu mmoja akasema amepandisha mashetani. Mwingine akaagiza ubani. Mwalimu akaleta soda na kumlazimisha anywe, ikamwagika kifuani. Wanafunzi wakamzunguka duara nene, hata upepo haupiti. Aliyemwokoa ni mama aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju chini ya mti. Alikuja na deli lake kichwani, akawafokea watu wasogee, akaikunjua kanga yake, akamwaga maji yote ya barafu juu ya kanga na kumfunika nayo msichana kuanzia shingoni, kisha akawa anazipachika zile barafu kwapani na shingoni. Alipomaliza akatuma mtoto akachote maji mengine, akarudia. Ilichukua muda. Msichana alipotulia aliuliza kama ameshinda.

Yule mama hakusoma udaktari, lakini alifanya kilicho sahihi kuliko sote tuliokuwa na vyeti. Mwanamichezo akianguka kwenye joto huku amechanganyikiwa, anaongea ovyo, anapigana au hajitambui, mchukulieni kuwa ana kiharusi cha joto. Joto la ndani limefika nyuzi 40 au kupita, na ubongo umeanza kuathirika. Msisubiri ngozi iwe kavu. Anayekimbia anaweza kupata hali hii akiwa amelowa jasho mwili mzima. Msikitegemee kipimajoto cha kwapani wala kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso, maana vyote hutoa namba ndogo kuliko hali halisi ya ndani. Na msimpakie kwenye bodaboda kwanza. Kanuni ya wataalamu wa tiba ya michezo ni kupoza kwanza, kusafirisha baadaye, kwa sababu kila dakika joto likiwa juu linaharibu ini, figo na ubongo. Lengo ni kulishusha ndani ya dakika 30. Kituo cha afya kikiwa mbali, hizo dakika 30 zinaishia barabarani.

Njia inayoshinda zote ni kumzamisha hadi shingoni kwenye maji ya barafu. Kwenye mbio za Falmouth, jimbo la Massachusetts, ambazo hukimbiwa Agosti kwenye joto na fukuto, madaktari walitibu visa 274 vya kiharusi cha joto katika miaka 18 kwa njia hiyo. Hakuna aliyekufa. Hata mmoja. Nikiitafakari hesabu hiyo naona kwamba kifo cha joto uwanjani kinaweza kuzuilika karibu kila mara, mradi maji ya baridi yawepo pale mtu anapoanguka.

Mtasema shule zetu hazina mabafu ya kuzamishia. Hazihitaji. Kuna turubai, lile tunaloanikia mahindi au kufunika viti vya sherehe. Mgonjwa analazwa katikati, watu wazima watano au sita wanashika kingo na kuziinua ili maji yasimwagike, mmoja anakaa upande wa kichwa akikishikilia juu ya maji, kisha yanamiminwa maji na barafu, na walioshika kingo wanalitikisa taratibu ili maji yaliyopata moto mwilini yaondoke na ya baridi yaje. Timu za madaktari wa michezo hutumia njia hii pasipo na beseni kubwa, na imepimwa, inashusha joto vizuri. Barafu nayo, hapa kwetu Tanga iko pale soko la samaki la Deep Sea kila alfajiri. Barafu ya kuhifadhia samaki si ya kunywa, lakini kwa ngozi inafaa kabisa. Ikifunikwa kwa magunia ndani ya deli au pipa, inahimili hadi jioni. Bei yake haizidi ile ya maji ya chupa yanayowekwa meza kuu.

Hayo ni ya dharura. Ninachotaka zaidi ni watoto wasifike huko, na hapo ndipo mbinu za kupoza mwanamichezo kabla ya mchezo na katikati ya mchezo zinapokuja. Zipo, na nyingi zinawezekana kwa vitu vyetu. Wanamakasia wa Australia walikwenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na fulana za barafu, wakawa wanazivaa wakati wa kupasha misuli moto. Wazo ni rahisi: anayeanza mbio akiwa amepoa ana nafasi kubwa zaidi kabla ya kufika kwenye joto la hatari. Baadaye watafiti wakaona kwamba kunywa barafu iliyosagwa kunafanya kazi hiyohiyo kutoka ndani. Barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi sana. Nusu kilo ya barafu iliyosagwa hubeba joto zaidi ya mara 3 ya lile linalobebwa na nusu kilo ya maji ya friji. Watoto wetu wanazijua barafu za ukwaju na ubuyu tangu chekechea. Mkizitengeneza kwa maji yaliyochemshwa, mkazipondaponda, na mtoto akazinywa polepole nusu saa kabla ya mchezo, mmempa alichopewa mwanamichezo wa Olimpiki. Tafiti nyingi za jambo hili zilifanywa kwa watu wazima, kwa hiyo ijaribiwe mazoezini kwanza, si siku ya fainali, maana wapo ambao tumbo hukataa.

Katikati ya mchezo, mbinu ifuate hewa ya mahali. Dodoma, Singida, Tabora, penye hewa kavu, mnyunyizieni mtoto maji na kumpepea. Maji yatakauka na kumpoza upesi. Huku kwetu kunyunyiza hakusaidii sana kwa sababu hewa imeshiba. Kwetu kinachofaa ni baridi inayogusa ngozi: taulo au kipande cha kanga kilichochovywa kwenye maji ya barafu, kikaviringishwa shingoni na kichwani, kikabadilishwa mara kwa mara, maana kikikaa muda kinapata moto na kugeuka blanketi. Mikono nayo ina mishipa mingi ya damu karibu na ngozi. Wakati wa mapumziko, mtoto akizamisha mikono hadi kwenye viwiko katika ndoo ya maji ya baridi kwa dakika 10, damu inarudi ndani ikiwa imepoa. Ndoo mbili kwa kila timu zinatosha. Zimamoto katika nchi kadhaa hufanya hivyo wakitoka kwenye moto.

Naomba tahadhari kwenye dawa za kupaka na pipi za mnanaa. Zinamfanya mchezaji ahisi baridi bila kumpoza. Vivyo hivyo taulo ya shingoni peke yake: raha inakuja, joto la ndani halijashuka sana, na mtoto anaongeza kasi wakati mwili ulikuwa unamwambia apunguze. Kwa hiyo taulo iende pamoja na kivuli na dakika za kupumzika kweli.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi kwa sababu ndilo pekee ambalo tayari tunalihubiri. Mtoto wa miaka 9 hadi 12 anahitaji mililita 100 hadi 250 kila dakika 20, mkubwa zaidi ya hapo. Jasho jingi linahitaji na chumvi kidogo, na pakiti ya ORS ipo kila zahanati. Asilazimishwe kunywa lita kwa lita maji matupu, hiyo nayo huua. Na maji pekee hayazuii kiharusi cha joto. Wapo walioanguka wakiwa wamekunywa vizuri.

Sasa kuzoea joto. Mwili huzoea kweli, lakini unahitaji siku 7 hadi 14 za mazoezi ya kuongezwa taratibu kwenye joto lenyewe. Damu inaongezeka maji, jasho linaanza mapema na kupoteza chumvi kidogo. Mtazameni basi mtoto wa Lushoto. Amelelewa kwenye ukungu wa Usambara, anapanda na kushuka milima kwenda shule, mapafu yake ni ya dhahabu. Anafuzu wilaya, anapakiwa kwenye basi, anashuka Tanga mjini jioni, kesho yake mchana anakimbia mita 3,000. Ndivyo ilivyo pia kwa wa Rungwe akishukia Kyela, na kwa wa Makete popote atakapopelekwa. Tunawapoteza wakimbiaji wetu wazuri kwenye mchujo wa mkoa, kisha tunaandika kwenye taarifa kwamba hawakuwa na pumzi. Kama kambi haiwezi kuanza wiki moja kabla, basi watoto hawa wapangiwe mbio za asubuhi siku zote za mwanzo. Hilo halina gharama yoyote.

Kuna jambo la Ramadhani. Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi, na Tanga, Pwani, Lindi, Mtwara na Zanzibar wanafunzi wengi wanafunga. Sijaona haki kumwambia kijana achague kati ya swaumu yake na nafasi ya timu. Mazoezi yawekwe saa moja ya mwisho kabla ya futari, mepesi, au usiku palipo na taa. Na mashindano ya kata yasogezwe baada ya Idi. Kalenda inajulikana mapema, hakuna wa kusema imemshtukiza. Vilevile wasichana wanaojisitiri waruhusiwe nguo pana, nyepesi, za rangi nyeupe au ya kung'aa, badala ya trakisuti nzito za nailoni ambazo baadhi yetu tunazikazania ili timu ipendeze.

Na homa. Mtoto aliyekuwa na malaria wiki hii, au anayeharisha, asicheze kwenye joto hata akisema amepona na hata kama ndiye mfungaji wenu. Mwili wake bado haujarudi kwenye uwezo wa kujipoza. Mwenye vinasaba vya seli mundu naye aangaliwe kwa karibu, apewe kuanza polepole na kupumzika anapoomba, bila kuulizwa mara mbili. Hawa wote tunao shuleni. Mwalimu wa darasa anawajua, mwalimu wa michezo mara nyingi hajaambiwa.

Najua kikwazo kikubwa ni ratiba, na sitaki kukipitia juu juu. Viwanja havina taa. Jua linazama karibu saa 12 na nusu. Watoto wa mbali lazima warudi kwao, na siku ya ziada ni chakula cha ziada ambacho halmashauri haikukipangia. Lakini hesabuni nami: kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 5 ni saa nne na nusu. Kuanzia saa 10 hadi saa 12 na nusu ni saa mbili na nusu nyingine. Zinapatikana saa saba za kucheza kwa siku bila kugusa mchana. Zinatosha kwa kata nyingi, mradi michezo isisubiri hotuba. Mgeni rasmi aje kufunga badala ya kufungua. Mchana upewe ngoma, kwaya, maigizo na bao, ambavyo vinachezewa kivulini na tayari vimo kwenye mashindano yetu ya sanaa au vinaweza kuingizwa. Pale ambapo kweli haitoshi, iongezwe siku. Nasema hivyo nikijua gharama yake.

Jirani zetu wameshafika mahali pagumu zaidi. Machi 2024 Sudan Kusini, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na wazazi wakaambiwa wasiwaache watoto wacheze nje. Februari 2025 ikafunga tena, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba. Sisi bado tuna nafasi ya kupanga kwa utulivu.

Kwa hiyo naweka mbele yenu maneno ambayo ningependa kuyaona kwenye kanuni za msimu ujao, katika kila ngazi. Kwamba kwenye mikoa ya joto hakuna mbio wala mchezo wa uwanja wa wazi kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni. Kwamba kila kipindi cha mpira kina mapumziko ya dakika 3 ya maji na taulo, na muda huo unafidiwa. Kwamba hakuna mtoto anayecheza mechi ya pili kabla ya kupumzika kivulini saa mbili. Kwamba hakuna uwanja unaofunguliwa bila turubai, barafu, maji yasiyopungua pipa moja na watu sita waliofundishwa kulishika turubai hilo. Kwamba mtu mmoja anateuliwa kwa jina asubuhi, asiwe kocha wa timu yoyote, na ana mamlaka ya kusimamisha mchezo bila kumwuliza mtu. Na kwamba timu iliyomtoa mchezaji au iliyosimama kwa sababu ya joto haipokwi pointi. Hilo la mwisho msilione dogo. Walimu wengi wanaona mtoto anayumba na wanamwacha amalizie kwa kuogopa kupoteza mechi, kisha kuulizwa na mkuu wa shule.

Maafisa michezo wa mikoa, mnaweza kuiomba Mamlaka ya Hali ya Hewa utabiri wa joto na unyevu wa wiki ya mashindano, kama wavuvi wanavyopata wa upepo na mawimbi. Vipimo vya WBGT vya kushika mkononi vinauzwa. Kimoja kwa kila halmashauri kinaweza kuzunguka kata kwa kata. Mpaka kitakapopatikana, kifungu cha saa kinatosha kuokoa wengi.

Semina za walimu wa michezo kwa kawaida huja kabla ya mashindano ya wilaya. Naomba mwaka huu zije kabla ya yale ya kata, na nusu siku itumike uwanjani kwa vitendo: turubai, maji, barafu, mtu wa kulala katikati. Tanga nitajitolea kulala mimi. Nipeni tarehe na uwanja. Barafu nitaipitia Deep Sea alfajiri.

Wenu katika michezo,

Mwalimu wa michezo, shule ya sekondari, Tanga